Risasi za Vita vya Kale Shambani: Zijue kwa Macho, Usiziguse

Mzee mmoja alifika ofisini kuuliza habari za mbegu. Kabla ya kuketi alitoa mfukoni kitu kizito chenye kutu ya kijani, akakiweka mezani pangu. "Bwana Karani, hii ni ya Mwingereza au ya Mjerumani?" Nami niliishika kabla sijafikiri. Ilikuwa risasi nzima.

Ndugu mkulima, ukilima karibu na Taveta, Salaita, Mbuyuni au Maktau, jembe lako laweza kufukua kitu kama hicho. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakaondolewa Machi 1916, na katika miezi hiyo risasi nyingi zilianguka mchangani.

Risasi hutambulikana kwa kitako chake. Ile ya Mwingereza, ya bunduki ya .303, ina ukingo uliotokeza nje kama kichwa cha msumari. Ya Mjerumani ya milimita 7.9 haina ukingo wa kutokeza. Badala yake ina mfereji mwembamba uliozunguka juu kidogo ya kitako. Lakini ukingo peke yake usikudanganye. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na bunduki za zamani za mwaka 1871, na risasi zake nazo zina ukingo. Hizo ni nene sana, kichwa chake ni risasi ya milimita 11, na baruti yake ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji.

Kitako kina maandishi pia. Ukiona K 15 VII, K ni kiwanda cha Kynoch cha Uingereza, 15 ni mwaka 1915, na VII ni namba ya aina, ile yenye ncha kali. Aina ya VI iliyotangulia ina ncha ya mviringo. Wajerumani waliandika mwezi pamoja na mwaka.

Wakulima wa upande wa Moyale, ambako Waitalia waliingia Julai 1940, waweza kukuta risasi nyembamba ya milimita 6.5, ndefu, yenye ncha ya mviringo na isiyo na ukingo. Hiyo ni ya Mwitalia.

Sasa jambo linalowapoteza watu wengi. Katikati ya kitako kuna fataki. Ganda lisilo na kichwa, na fataki yake imebonyea, limekwisha kupigwa. Lakini fataki ikiwa imebonyea na kichwa bado kipo, risasi hiyo ilikataa kulipuka siku ile, na yaweza kulipuka leo. Miaka mia moja ardhini haiifanyi iwe salama. Usiisugue, usiigonge, usiifungue kutafuta shaba. Ukichoma takataka za shamba, angalia kwanza ardhi: risasi iliyo motoni hupasuka na vipande vya shaba huruka.

Ukiiona, iache ilipo, simika kijiti kando yake, waondoe watoto, kisha mwambie chifu au polisi. Kuweka risasi nyumbani bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, hata kama ni ya babu.

Ya yule mzee tuliiacha mezani, tukatoka wote nje, tukangoja polisi chini ya mti. Mbegu alizipata jioni.