Real Madrid: juu ya nini nafasi ya Kroos na Modrić iko nguvu kujaza

Kati ya mwezi wa kumi 2024 na mwezi wa tano 2025, Real Madrid ilikutana na Barcelona mara ine, na mara zote ine ikapigwa. Ukihesabu goli zenye kuingia kwa kipa wao, ni 16. Kwa wapenzi wa Real wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, wale wanaolipa kila wikendi ili waingie kwenye chumba cha video, ule ulikuwa mwaka wa kuchekelewa na majirani. Wengine waliweka kosa kwa Kylian Mbappé, mugeni wa msimu ule. Wengine kwa walinzi. Lakini ugonjwa ulikuwa katikati ya uwanja, na ulianza mbele ya mechi hizo.

Turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi Real ilikuwa na watu watatu katikati: Casemiro, Toni Kroos na Luka Modrić. Modrić alitoka Tottenham mwaka 2012, Kroos akatoka Bayern Munich mwaka 2014. Na hao watatu, Real ilichukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2016, 2017 na 2018 chini ya kocha Zinédine Zidane, halafu tena mwaka 2022 na Carlo Ancelotti. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Casemiro alikata mashambulizi, Kroos alipanga mwendo wa mchezo, Modrić alibeba mpira na kuupitisha pale wengine hawaoni njia.

Viongozi wa klabu hawakulala. Mwaka 2021, wazee wote watatu wakiwa bado, walimnunua Eduardo Camavinga kutoka Rennes, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Miconge, kule Cabinda nchini Angola, kwa wazazi wenye asili ya Kongo. Mwaka 2022 akaja Aurélien Tchouaméni kutoka Monaco kwa milioni 80 za euro. Miezi michache nyuma, Casemiro akauzwa Manchester United akiwa na miaka 30. Federico Valverde alikuwa ndani tayari. Mwaka 2023 wakaongeza Jude Bellingham kutoka Dortmund, zaidi ya milioni 100 za euro, na Arda Güler kutoka Fenerbahçe.

Mpango ulikuwa mzuri, tuseme kweli. Kijana anaingia mzee akiwa bado, anakaa kando yake, anamuangalia, anacheza dakika 20, kesho 60. Hakuna aliyeambiwa abebe ekipe yote kwa siku moja. Na ilizaa matunda: msimu wa 2023-2024 Real ilichukua ligi ya Hispania na Ligi ya Mabingwa, Modrić akianzia mara nyingi kwenye benchi bila kuleta fujo.

Sasa shida ilitoka wapi?

Ilitoka pale Kroos alipotangaza, mwezi wa tano 2024, kwamba anaacha mpira akiwa na miaka 34. Hakuuzwa, hakuumia. Alitaka kwenda akiwa juu. Tarehe 1 mwezi wa sita, kwenye fainali ya Wembley mbele ya Dortmund, ni yeye aliyepiga kona ambayo Dani Carvajal aliweka ndani kwa kichwa. Real ikashinda 2-0. Ile ilikuwa mechi yake ya mwisho katika klabu.

Ili kuelewa kile kilichopotea, kumbuka goli moja ya Munich, mwezi wa ine mwaka ule, nusu fainali na Bayern. Kroos iko na mpira mguuni, mbali na goli. Anamuonyesha Vinícius kwa mkono pa kukimbilia, kisha anatuma pasi moja ya chini inayokata walinzi wote. Vinícius anafunga. Hakuna mbio, hakuna nguvu. Ni mtu aliyeona mbele ya wengine.

Fikiri shofere wa Fuso kwenye milima ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira. Motere inaweza kuwa mpya na yenye nguvu, lakini mwenye kufikisha mizigo ni yule anayejua pa kupunguza, pa kungoja na pa kukanyaga. Real ilibakia na motere: Valverde anakimbia, Camavinga anakimbia, Bellingham anapenda kuingia mpaka ndani ya goli, Tchouaméni anakata mipira. Wote wazuri. Lakini ni nani wa kusema sasa tupoe, sasa twende? Ni vijana wa kumfuata Casemiro waliopatikana. Wa kumfuata Kroos hakupatikana.

Na katika soko la 2024, Real haikununua mchezaji hata mmoja wa katikati. Mbappé alikuja, Endrick alikuja, wote washambulizi. Ile kazi ikamurudilia Modrić, aliyetimiza miaka 39 mwezi wa kenda. Mzee alijikaza, lakini kumuomba akimbie kila siku tatu haikuwa haki.

Kuna pia bahati mbaya, tusiifiche. Carvajal na Éder Militão waliumia vibaya mwanzoni mwa msimu. Tchouaméni akarudishwa nyuma kama mlinzi, Valverde mara zingine akapelekwa upande wa kuume. Katikati, tayari palikuwa na pengo, pakazidi kuwa wazi. Arsenal iliwapiga 3-0 London na 2-1 Madrid kwenye robo fainali.

Barcelona walijua maumivu hayo mbele yao. Xavi aliondoka 2015, Iniesta 2018. Klabu ikamwaga pesa nyingi kwa wachezaji mbalimbali, wengi hawakukaa. Dawa ilikuja mwaka 2020 kutoka Las Palmas, klabu ya visiwani: Pedri, kijana wa miaka 17 wa bei ndogo. Kumbe hawakutafuta mwenye nguvu ya kukimbia, walitafuta mwenye kichwa cha kazi ile. Na ni Pedri huyo aliyewatesa Real msimu wa 2024-2025.

Kwenye Kombe la Dunia la klabu, mwezi wa saba 2025, Real ilipigwa 4-0 na Paris Saint-Germain, yenye Vitinha na João Neves katikati. Modrić aliingia akitoka kwenye benchi, na ile ikawa mechi yake ya mwisho. Alienda AC Milan akiwa na makombe 28, hesabu ambayo hakuna mchezaji mwingine wa Real aliyefikisha. Kocha mpya wa wakati ule, Xabi Alonso, aliyecheza zamani kazi hiyo hiyo ya Kroos, alianza kumujaribu Güler nyuma zaidi, karibu na walinzi, ili mpira uanzie kwake.

Jezi namba 8 ya Kroos ilienda kwa Valverde mwaka 2024. Namba 10 ya Modrić ilipewa Mbappé, mshambulizi.