Umelipa kwa wakati, lakini jedwali la chama linasema umechelewa?

Tuseme chama chenu kule Ronge Juu hukusanya shilingi 500 kufikia tarehe 5 ya kila mwezi, na anayechelewa anatozwa faini. Wewe ulituma tarehe 5 Machi, saa nne na dakika ishirini usiku, na meseji bado iko kwa simu. Siku ya mkutano, mweka hazina anafungua jedwali lake la Google Sheets na jina lako liko kati ya waliochelewa. Hapo maneno huanza. Lakini mara nyingi pesa ilifika vizuri, ni kompyuta iliyosoma tarehe vibaya.

Kosa linalosumbua zaidi ni siku na mwezi kubadilishana nafasi. Meseji inasema 5/3/25, yaani siku, mwezi, mwaka. Jedwali lililowekwa kwa mtindo wa Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hivyo 5 Machi inageuka 3 Mei. Umechelewa karibu miezi miwili! Na halitoi onyo lolote. Likifika 13/3/25 ndipo linashindwa, maana hakuna mwezi wa 13, basi linaiacha kama maandishi tu. Ukiona kwenye safu moja tarehe zingine zimeegemea kulia na zingine kushoto, shida ni hiyo. Ingia File, kisha Settings, na kwa Locale chagua United Kingdom, ambako pia siku hutangulia mwezi. Halafu weka data upya kutoka mwanzo, kwa sababu zilizokwisha geuzwa hazijirekebishi zenyewe.

Kama mweka hazina anatumia skripti, kuna mtego mwingine. Kenya iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Sisi hatusogezi saa kama Ulaya. Saa iliyo kwenye meseji tayari ni ya hapa. Skripti ikidhani ni UTC na kuongeza 3, malipo yako ya 10:20 PM yanakuwa 1:20 AM ya tarehe 6. Hiyo ndiyo faini yako. Kwenye Apps Script, ukanda wa saa wa mradi na ule wa jedwali huwekwa sehemu mbili tofauti, na ni rahisi kurekebisha mmoja na kusahau mwingine. Yote iwe ya Nairobi. Wakati wa kuandika tarehe, taja ukanda wazi:

Utilities.formatDate(tarehe, "Africa/Nairobi", "dd/MM/yyyy HH:mm")

Angalia herufi hapo: MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika.

Halafu kuna hili letu wenyewe. Ukimwambia "nilituma saa nne," yeye anatafuta 4 kwenye orodha badala ya 10. Msomee saa kama ilivyoandikwa kwa meseji.

Mkizidi kubishana, tafuteni kwa namba ya muamala, kwa sababu hiyo haina mwezi wala saa ya kugeuzwa. Ukipigia huduma kwa wateja, uwe nayo karibu. PIN yako hatutakuuliza.