Isiolo: Ukubwa wa Nchi, Mfuko wa Kaunti

Kaunti ya Isiolo ina eneo la kilomita za mraba 25,336. Inaipita Djibouti, yenye takriban 23,200, na imeachwa kidogo tu na Rwanda, yenye 26,338. Tofauti iko kwa watu. Sensa ya Rwanda ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, ilhali sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta Isiolo na watu 268,002. Hao ni watu 11 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Kenya nzima ni 82. Ukitafuta nchi inayokaribiana nayo kwa ukubwa na kwa uchache wa watu, itakubidi uvuke bahari hadi Belize, Amerika ya Kati, yenye watu wapatao 400,000.

Anayetaka kufanya biashara huku na aanze na tarakimu hizo, kwa sababu gharama inayoamua faida na hasara Isiolo ni umbali. Kodi ya duka na ujira wa vibarua hufuata nyuma. Nairobi iko kilomita 285 kusini, na njia nzima ni lami. Merti iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Isiolo mjini, ndani ya kaunti ileile, na huko unaenda kwa vumbi. Mvua ikichachamaa, hufiki.

Hata hivyo watu wanakuja. Sensa ya 2009 ilipata watu 143,294, kwa hiyo katika miaka kumi idadi imepanda kwa asilimia 87. Uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko hilo. Wapo waliofuata biashara, waliokimbia ukame au wizi wa mifugo, na wapo walionunua viwanja waliposikia mji utakuwa kitovu cha LAPSSET, ule mpango wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta uliozinduliwa Lamu Machi 2012 na marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi. Bei ya viwanja ilipanda papo hapo. Reli haijafika.

Kilichofika ni barabara, na hapo sifa zitolewe. Kwa miongo mingi lami iliishia Isiolo mjini. Wasafiri wa kwenda Marsabit na Moyale walipanda juu ya malori, wakalala njiani, mara nyingi wakisindikizwa na askari wenye bunduki. Hali hiyo ilikuwa na mizizi katika sera. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa, watu wakiingia na kutoka kwa kibali, na mifugo ikizuiliwa kwenye karantini ya Isiolo kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua, ardhi nzuri na barabara tayari, yaani kwa aliyekuwa nacho. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilika kwa lami katikati ya mwongo uliopita, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Leo basi linakwenda Moyale kwa siku moja.

Faida ya lami itazame kwenye maziwa ya ngamia, biashara inayoshikwa na wanawake, wengi wao Wasomali. Maziwa hukamuliwa alfajiri malishoni, yakatiwa kwenye jerikeni za plastiki zilizofukizwa moshi ili yasiharibike upesi, kisha yakapakiwa kwenye pikipiki au gari lolote linalopita kuelekea mjini. Pale kwenye kituo cha maziwa mpokeaji hufungua kila kifuniko, akanusa, akaonja. Yaliyoanza kuchacha huwekwa kando na kuuzwa kwa bei ya chini. Yaliyo safi huingia kwenye friza usiku kucha, kisha jerikeni zenye baridi hupanda basi la kwenda Eastleigh, Nairobi. Biashara hii ilikua bila kungoja mradi mkubwa: ilitosha lami, umeme wa friza na simu ya kutumia M-Pesa. Ushirika wa Anolei, ulioanzishwa na wanawake wa Isiolo, umeonyesha kwamba soko la Nairobi lipo mradi maziwa yafike mapema. Hasara kubwa hutokea kabla ya mjini, kwenye zile kilomita za vumbi.

Mbuzi na ng'ombe wana hesabu nyingine. Mbuzi wa Oldonyiro au Merti hupitia kwa dalali, akalipiwa ushuru wa kaunti, akaandikiwa kibali cha kusafirishwa na afisa wa mifugo, ndipo akapakiwa lori kwenda Kiamaiko, Nairobi. Kila saa anayosimama humo bila maji anapungua uzito, na mnunuzi analijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo hukata bei pale malishoni. Mfugaji ndiye anayelipia safari. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Wengi wangeweza kuuzwa wakiwa bado na nyama, kama machinjio makubwa yangekuwa karibu na yanafanya kazi.

Ndiyo sababu kusuasua kwa machinjio ya kisasa ya Isiolo kunaumiza. Yalikusudiwa kuuza nyama nje ya nchi, lakini ujenzi wake ulikokotwa kwa zaidi ya mwongo mmoja huku wanyama wakiendelea kupita mbele yake juu ya malori. Uwanja wa ndege ulitangulia. Ulifunguliwa 2017, ukiwa na jengo la kupokea abiria 125,000 kwa mwaka na njia ya kurukia ya kilomita 1.4, ambayo ni fupi kwa ndege kubwa za mizigo. Mpangilio huo ulikuwa wa kinyume: ilipaswa kuwa nyama kwanza, ndege baadaye.

Sasa fedha. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Isiolo ilipangiwa takriban shilingi bilioni 4.7 kutoka mgao wa kitaifa, na kaunti ya Kiambu bilioni 11.7. Ukigawa kwa vichwa, kila mkazi wa Isiolo amepata kama 17,500 na wa Kiambu hata 5,000 hazifiki, na kelele za upendeleo huanzia hapo. Gawa kwa ardhi: Isiolo inabaki na takriban 186,000 kwa kila kilomita ya mraba, Kiambu zaidi ya milioni 4.5. Gari la wagonjwa likitoka Merti kumpeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa mjini, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 400 za mafuta, tairi na springi. Kiambu mgonjwa wa namna hiyo hufikishwa hospitali kabla dereva hajafikiria kituo cha mafuta.

Katika mfumo wa ugavi uliopitishwa na Seneti 2020, baada ya mvutano wa wiki nyingi, ukubwa wa eneo ulipewa uzito wa asilimia 8, na barabara asilimia 8 nyingine. Kwa kaunti inayolingana na nchi, uzito huo ulikuwa mdogo mno. Mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 750 mwaka 2020 pamoja na kebo ya intaneti, utasaidia Kulamawe na Modogashe. Merti na Oldonyiro haziko kwenye njia hiyo, na barabara za maeneo hayo zitategemea mgao huu wa kitaifa. Katiba inautaka mfumo huo upitiwe upya kila miaka mitano. Maseneta wa kaskazini waende kwenye vikao hivyo na hesabu za dizeli za magari ya wagonjwa, uzito wa mbuzi anapopakiwa na anaposhushwa, na lita za maziwa zinazochacha kabla ya kufika mjini.