'Nyota mpya' isiyokuwa mpya
Mwanafunzi wangu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliandika juzi kuwa supanova ni 'nyota mpya'. Nikamkata alama, akaninunia. Lakini kosa ni lake kweli? 'Nova' kwa Kilatini ni 'mpya', nasi hutafsiri vivyo hivyo.

Hebu tuitazame ile ya Februari 1987, katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka-nuru kama 168,000. Jioni za Machi ungeiona kwa macho tu kutoka kisiwani Mombasa, ukielekea kusini upande wa Likoni. Nyota yenyewe ilikwisha kuorodheshwa zamani. Ilikuwa ikifa, si kuzaliwa!

Na haikufa kama wenziwe. Supanova nyingi hufikia kilele cha mng'ao kwa wiki chache. Hii ilijikongoja hadi Mei, mfano wa karabai isiyopigwa pampu vizuri. Iliyolipuka ilikuwa nyota ya buluu, ndogo kuliko yale majitu mekundu tuliyoyazoea, basi nguvu nyingi ikaishia katika kujitanua. Baadaye mng'ao ukawa unapungua nusu kila siku 77 hivi, kwa miezi mingi, kwani kilichouwasha sasa ni kobalti nururifu iliyokuwa ikigeuka chuma.

Kwa hiyo hata kitenzi tukichague: nyota hii 'ilififia', haikuzimika. Kuzimika ni kwa ghafla, kama stima zinavyotupotea. Jina nalo, mie naona 'supanova' yatosha.

Alama za kijana nimemrudishia nusu.