Mkutubi Asome Kwanza

Kijana wa Kajaga, mtaa ulio kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, amezungukwa na lugha nyingi na vitabu vichache. Nyumbani ni Kirundi, darasani Kifaransa, sokoni na kwa wanaovuka kutoka Uvira ni Kiswahili, na Kiingereza nacho kinazidi kusogea tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ukiuliza kwa nini hasomi riwaya, wakubwa watailaumu simu. Jibu hilo ni jepesi mno. Kijana wa miaka 14 ameshachoka na hadithi za sungura na fisi, riwaya za watu wazima bado zinamlemea, na mara nyingi hajatokea mtu wa kumwambia kipi kinachomfaa. Mtu huyo anapaswa kuwa mkutubi. Na raha anayoipata mkutubi mwenyewe akisoma vitabu vya vijana tusiione kuwa anasa, kwa sababu ndiyo inayomwezesha kuifanya kazi yake.

Mfano wa karibu umo katika Petit Pays, riwaya ya mwaka 2016 ya Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982. Gabriel, mvulana anayeisimulia, anaishi Bujumbura wakati vita vya miaka ya 1990 vinapoukaribia mtaa wao na rafiki zake wanapoanza kuwaza silaha. Jirani yake Mgiriki, Bi Economopoulos, ana nyumba iliyojaa vitabu. Mama huyu hakuajiriwa na maktaba yoyote, lakini anafanya mambo mawili ambayo mkutubi yeyote angepaswa kuyafanya: anamwazima kijana kitabu, na kinaporudi anataka kujua amekionaje. Hilo la pili ndilo linalomfunulia Gabriel kwamba naye ana la kusema.

Nje ya riwaya mambo ni hayo hayo. Margaret Edwards, aliyesimamia huduma za vijana katika maktaba ya Enoch Pratt mjini Baltimore, Marekani, hadi alipostaafu mwaka 1962, aliwataka wasaidizi wake wasome mamia ya vitabu, na miaka ya 1940 alivipeleka vitabu mitaani kwa gari la farasi. Alijua kwamba kijana hapendi kuhubiriwa faida za kusoma. Anataka kujua ndani mna nini. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mkutubi asiyeisoma atamwambia msichana wa sekondari kwamba ni fasihi nzuri, na msichana atairudisha rafuni. Aliyeisoma atasema: Kongowea Mswahili ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu, baba hamjui, mama anafariki, naye baadaye anafunga safari kutoka Tanga hadi Kenya kumsaka baba. Akiishia hapo, kitabu kitaondoka. Na kikirudi na malalamiko kwamba hakikunoga, mkutubi atakuwa amejua kitabu cha kumpa safari ijayo.

Wapo watakaosema kwamba kupendekeza ni kuwapangia vijana cha kusoma. Hofu yao si ya bure. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kusema waziwazi mambo ya mapenzi ambayo wasichana wa shule walikuwa wakiyaishi. Lakini anayependekeza huongeza kitabu mezani, na anayekataza hukiondoa. Isitoshe, vijana wanajua kuchagua. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 1988, wanafunzi wapatao 2,000 wa sekondari husoma riwaya zinazowania tuzo ya Goncourt, kisha hutoa tuzo yao wenyewe. Mwaka 2016 majaji watu wazima walimpa ushindi Leïla Slimani. Wanafunzi walimpa Gaël Faye. Mkutubi mwenye busara husikiliza hukumu kama hiyo kabla ya kuagiza vitabu.

Pingamizi zito zaidi ni la maisha yenyewe. Miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia majumbani Kajaga na Gatumba, familia zikahama. Nani atajali riwaya hapo, na nani atalipia? Ni kweli kwamba riwaya haiwezi kuzuia maji wala kujaza sufuria. Lakini uhaba ndio unaoipa kazi hii uzito. Maktaba yenye vitabu maelfu inaweza kuvumilia rafu ya vitabu visivyoguswa. Shule yenye vitabu thelathini haiwezi. Pale kila kitabu lazima kizunguke, na hakitazunguka asipokuwapo mtu aliyekisoma, akakipenda, akajua mtoto wa kumpa na lugha atakayoielewa. Ushauri huo hauhitaji fedha za wafadhili, unahitaji muda wa kusoma. Basi mwalimu mkuu atakayemkuta mkutubi wake amezama katika riwaya ya vijana saa za kazi asimkaripie. Amwulize ni kitabu gani, na ni mwanafunzi yupi atakayekiazima kwanza.