Paja lililogongwa halikandwi: Hatari ya mfupa kuota ndani ya misuli

MCHEZAJI wa soka agongwapo pajani kwa goti la mpinzani, desturi katika viwanja vingi ni kumlaza chini, kumpaka dawa ya kuchua na kumkanda kwa nguvu ili arejee mchezoni.

Hata hivyo, msaada huo unaweza kumletea madhara makubwa zaidi ya pigo lenyewe: kuota kwa mfupa ndani ya misuli.

Hali hii, ambayo kitaalamu huitwa mayositisi osifikansi, huwapata zaidi vijana wanaoshiriki michezo ya kugongana kama vile raga na soka. Huathiri sana misuli ya mbele ya paja na ile ya mkono, juu ya kiwiko.

Pigo linapoiponda misuli dhidi ya mfupa wa paja, damu huvuja na kuvilia ndani. Kwa kawaida, mwili huiondoa damu hiyo na kuziba jeraha. Lakini wakati mwingine seli zinazopaswa kuponya misuli hugeuka na kuanza kuunda mfupa. Kukanda huongeza uvujaji wa damu, na hivyo kuzidisha hatari hiyo.

Dalili kuu ni maumivu yasiyopungua baada ya wiki 1 au 2, uvimbe unaozidi kuwa mgumu na goti lisilokunjika vyema. Picha ya eksirei ikipigwa mapema huenda isionyeshe lolote, kwani mfupa huo huanza kuonekana takriban wiki 3 hadi 4 baada ya jeraha.

Uvimbe huu pia unaweza kufanana na saratani ya mifupa, ambayo huwashambulia vijana vilevile. Kwa hivyo, mtu mwenye uvimbe mgumu, hasa asiyekumbuka kugongwa, anapaswa kumwona daktari bila kukawia.

Kinga huanzia uwanjani. Aliyegongwa vibaya aache kucheza, alikunje goti kadiri awezavyo na kuliweka hivyo kwa saa 24 za kwanza, huku paja likiwekewa barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Katika siku hizo za mwanzo, asikandwe, asichuliwe kwa maji moto wala kunyoshwa mguu kwa nguvu. Baadaye afanye mazoezi mepesi, yasiyomuumiza.

Wagonjwa wengi hupona bila upasuaji, kwani uvimbe hutulia na mara nyingine hupungua wenyewe. Upasuaji huhitajika mfupa huo unapozuia kiungo kukunjika au unapobana neva. Hata hapo, madaktari kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12 ili ukomae, kwa sababu ukiondolewa ukiwa mchanga unaweza kuota tena.

Kwa kocha anayetamani kumrejesha mchezaji wake uwanjani upesi, wiki chache za kumpumzisha ni hasara ndogo kuliko mwaka mzima wa kuuguza paja.