Peugeot 404 ya Karungu Yatiwa Breki za Diski

Peugeot 404, wasomaji wapenzi, ni motokaa iliyojijengea jina katika nchi hizi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika mashindano ya Safari ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili waliotangulia ni Nick Nowicki na mwenziwe Paddy Cliff, ndani ya 404. Leo ukiiona moja ikitembea kwa nguvu zake, husimama kando ya njia ukaitazama.

Nimeikuta moja Karungu, katika mji mdogo wa Sori, kando ya Ziwa Victoria upande wa Migori. Mwenyewe ni mwalimu aliyestaafu, naye haikuiweka pambo. Huipandisha vilima vya Gwassi, upande wa Homa Bay, na kuiteremsha tena hadi ziwani, akipishana na malori ya omena, ambao sisi twawaita dagaa, na pikipiki zisizo hesabu. Hapo ndipo penye mashaka, kwani 404 za mwanzo zina breki za dramu magurudumu yote manne.

Ndani ya dramu mna breki shuu mbili zinazotanuka zikaikamata kwa ndani. Si breki mbaya. Mzunguko wa gurudumu wenyewe husaidia kuzivuta shuu zikakaza. Lakini mteremko ukiwa mrefu na mguu haubanduki, dramu hupata moto, hutanuka, ikajitenga na shuu. Dereva hukanyaga, pedali ikashuka, na motokaa isishike. Diski iko wazi, hupigwa na upepo, na ikitanuka huzidi kuzikaribia pedi.

Fundi wake ni kijana wa kwetu Mombasa. "Ami," aliniambia baada ya shikamoo, "watu hudhani ni kufungua dramu na kutia diski, basi."

Kumbe kazi ni ndefu. Peugeot wenyewe walitia diski magurudumu ya mbele ya 404 mwishoni mwa miaka ya 60, kwa hiyo kijana alitafuta 404 ya baadaye iliyokwisha kufa, akatwaa habu, diski na kalipa kwa pamoja. Kisha masta silinda: ile ya dramu huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo katika paipu, nayo ikiachwa upande wa mbele, pedi huendelea kuisugua diski hata mguu ukishaondoka. Kisha sevo, kile chombo kinachouongezea mguu nguvu, maana diski haina ule msaada wa kujivuta. Nyuma dramu zimebaki, na hapana budi zipimwe, kwani nyuma ikikamata kabla ya mbele, motokaa hugeuza mkia. Mafuta ya breki nayo hubadilishwa yote. Hunywa unyevu wa hewa, na yakichemka maji yale huwa mvuke, mguu ukakanyaga hewa. Sisi wa baharini na wenzetu wa ziwani hapo ni mamoja.

Mwalimu hakukubali upesi. Kuna waliomwambia kuwa motokaa ya namna hii ikibadilishwa huanguka thamani, na fedha za pensheni haziokotwi. Hoja hiyo naiona ina uzito kwa motokaa inayolala bandani ikingojea maonyesho. Hii hubeba wajukuu. Majahazi ya Lamu yametiwa mashine miaka mingi, wala sijasikia mtu aliyeyanyima jina la jahazi.

Waliafikiana hivi: hapana kitakachokatwa wala kuchomelewa, na dramu za mbele, shuu zake na masta silinda ya zamani vipakwe grisi, vifungwe, vitiwe sandukuni, ili atakayetaka kuvirudisha avirudishe.

Nilipoondoka walikuwa wakitoa hewa katika paipu. Mwalimu yuko kwenye pedali, fundi chini ya motokaa, sauti yake ikipanda: "Kanyaga, mwalimu. Shikilia. Haya, achia."